Katiba inasema mdogo wangu hana hatia, mbona kanyimwa dhamana?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi nipo Ujiji, nauza mawese. Mdogo wangu ana miaka 23, alikuwa anafanya kazi mwaloni Kibirizi. Alikuwa anamdai mwenzake hela ya mauzo ya dagaa, wakagombana, akamchukulia simu akamwambia nitakurudishia ukinilipa, na siku hiyo alikuwa na panga mana alitoka kukata kuni za kubanikia migebuka. Sasa ana kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, huu mwezi wa nne yuko mahabusu, hakimu kasema kosa lake halina dhamana. Mwanangu yuko form four kanisomea Katiba ibara ya 13(6)(b), inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Sasa ipi kubwa, Katiba au hiyo sheria ya dhamana? Na nyie maprofesa mnaofundisha Katiba na jinai mnafanya nini kuhusu hili?

JIBU:

Marahaba mwanangu, na poleni sana hapo nyumbani. Mpe hongera huyo mtoto wa form four, mana kaenda kwenye kitabu chenyewe badala ya kusikiliza maneno ya kijiweni, na ibara aliyokusomea ipo kweli na maneno yake ndiyo hayo hayo.

Nianze na lile unalotaka kulisikia, alafu nikupe na lile gumu. Katiba ndiyo kubwa, hakuna sheria ya Bunge inayoipita. Ila Mahakama ya Rufani ilishaulizwa swali lako, yani karibu hivi hivi unavyouliza wewe, na jibu lake ni kwamba kumnyima mtu dhamana peke yake sio kumtendea kama mtu aliyetiwa hatiani. Kwa hiyo ukienda mahakamani na ibara ya 13(6)(b) mkononi kuombea dhamana ya mdogo wako, wakili wa serikali atakujibu kwa dakika mbili tu. Mlango wenyewe uko ibara ya 15, na kuna mwingine wa tatu watu wengi hawaujui kabisa, ibara ya 59B, huo ndio nadhani utakufaa wewe mapema kuliko yote. Nitafika huko, twende taratibu.

Kwanza elewa hiyo 13(6)(b) inafanya kazi gani, mana sio kwamba haina kazi. Hiyo ndiyo inayomfanya mdogo wako asitakiwe kuthibitisha chochote, serikali ndiyo ithibitishe, na ibaki shaka ya maana yoyote aachiwe. Hiyo ndiyo inayomtofautisha mahabusu na mfungwa, mahabusu bado ni mshtakiwa tu, hatumikii adhabu. Kisheria tofauti ipo. Nimekaa miaka mingi nafundisha hilo darasani na bado nikienda kutembelea mahabusu napata shida kulisema kwa sauti, mana godoro ni lile lile na mlango ni ule ule, mama anayeleta chakula anapanga foleni ile ile. Mimi nadhani mahakama ilipita haraka kidogo hapo. Lakini ndiyo kauli ya mahakama ya juu na nikikudanganya kwamba sivyo utapoteza hela ya wakili bure.

Sasa ibara ya 15. Inasema kila mtu ana haki ya kuwa huru, na kwamba ni marufuku mtu kukamatwa, kufungiwa au kunyang'anywa uhuru wake isipokuwa "katika hali na kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria", au katika kutekeleza hukumu ya mahakama. Hebu mwambie mwanao asome hayo maneno tena polepole, neno moja moja. Utaratibu. Uliowekwa na sheria. Neno dhamana halipo humo, Katiba yetu haikuliandika pale, wenzetu Kenya kwenye Katiba yao ya 2010 wameliandika wazi ibara ya 49, kwamba aliyekamatwa ana haki ya kuachiwa kwa dhamana kwa masharti yanayokubalika isipokuwa kuna sababu nzito za kutomwachia, na hiyo inahusu mpaka kesi za mauaji. Sisi inabidi tuichimbe haki hiyo kutoka kwenye neno "utaratibu", na kuna watu waliichimba kweli.

Miaka ya mwisho ya themanini kulikuwa na kesi kanda ya Ziwa, mshtakiwa anaitwa Daudi Pete, mwanafunzi yeyote wa sheria Tanzania ukimwamsha usiku wa manane atakutajia jina hilo. Alishtakiwa kwa unyang'anyi, akanyimwa dhamana kwa sababu sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kifungu cha 148(5), kilikuwa na aya ya (e) iliyosema kama kosa lina shambulio kubwa au tishio la kutumia nguvu kwa mtu, au kuwa na bunduki au mlipuko, basi hakuna dhamana, hakimu asiulize chochote. (Namba za vifungu natumia zile zilizo kwenye kesi zenyewe, sheria zikitolewa toleo jipya namba zinaweza kuhama, kwa hiyo wakili wako aangalie toleo linalotumika sasa.) Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akasema aya hiyo inavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikakubaliana na Mwalusanya kwenye matokeo lakini kwa njia nyingine, na hiyo njia ndiyo nataka uione.

Hawakusema dhamana ni haki ya kila mtu kwa kila kosa. Walisema Katiba yenyewe inaruhusu mtu kunyimwa uhuru, sawa, lakini lazima kuwe na utaratibu, na ile aya haikuwa na utaratibu wowote ndani yake, ilikuwa kama geti lililofungwa bila mlinzi wa kumwambia shida yako. Alafu ilikuwa pana mno. Ukiisoma ilivyoandikwa inawabeba wale hatari kweli na inawabeba na wengine ambao hata Bunge lenyewe halikuwalenga. Ndiyo maana haikuweza kuokolewa na ibara ya 30, ile inayoruhusu sheria kubana haki za mtu mmoja kwa ajili ya usalama wa wote. Aya ya (e) ikafutwa.

Baadaye kidogo kwenye kesi nyingine kabisa, ya Kukutia Ole Pumbun kutoka Arusha, iliyohusu watu kuishtaki serikali, mahakama hiyo hiyo ikaliweka hilo wazo vizuri zaidi na tangu hapo ndio mzani wetu. Sheria inayobana haki ya msingi inaulizwa kwanza, je ina kinga za kutosha ili mwenye madaraka asiamue anavyojisikia? Na je inabana kiasi kile tu kinachohitajika, au inazoa na wasiohusika? Ikishindwa hapo haisimami.

Unaweza kuona ajabu kwamba tulifika 1991 kabla hatujaanza kuulizana maswali haya, lakini angalia umri wa sheria zenyewe. Kanuni ya Adhabu ilianza 1930, enzi za Mwingereza. Katiba tuliyonayo ni ya 1977 na ilianza bila sura ya haki za binadamu. Mwaka 1983 ikapita sheria ya wahujumu uchumi, kipindi kile cha msako wa wenye kuficha bidhaa, wazee wa Kigoma na Tabora wanaukumbuka vizuri, sukari na sabuni zilivyokuwa zinatupwa mitoni watu wakiogopa kukutwa nazo, na mbele ya lile baraza lao maalum mshtakiwa hakuwa na dhamana wala wakili. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba 1984, na hata hapo serikali ikajipa miaka mitatu ya kujiandaa kabla mahakama hazijaruhusiwa kuzitumia, kwa hiyo kwa vitendo ni kuanzia Machi 1988. Jinai ilikuwa imeshakaa ndani ya nyumba karibu miaka 60 ndipo haki za msingi zikabisha hodi. Kila kesi kama ya Pete ni mgeni huyo anauliza, hiki kiti mbona kimekaa mlangoni?

Hapo ndipo kazi yetu ilipo, umeuliza maprofesa tunafanya nini. Wengi wanadhani mtu wa Katiba anashughulika na Rais, Bunge, uchaguzi na Muungano, na mtu wa jinai anashughulika na wezi. Mimi nimefundisha vyote viwili kwa sababu siwezi kuvitenganisha, Katiba kwa mwananchi wa kawaida inaanza siku ile askari anamshika mkono. Kabla ya hapo ni kitabu tu kiko kabatini. Kazi yenyewe ni ya kusoma hukumu moja mara kumi, kuweka aya ya sheria kando ya ibara, kuuliza neno hili limewekwa kwa ajili ya nani na linamshika nani mwingine, kuandika, na kuwafundisha vijana ambao kesho ndio mahakimu na mawakili wa serikali. Ni kazi ya polepole sana, najua haikusaidii chakula cha kupeleka mahabusu jumapili. Ila hoja zilizoshinda kwenye kesi hizi nyingi zilianza hivyo, mtu kakaa na aya moja.

Mfano wa karibuni. Kifungu cha 148(4) kilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuleta cheti kinachosema huyu akiachiwa usalama au maslahi ya taifa yataathirika, na cheti kikishafika, hakimu mikono yake imefungwa. Mshtakiwa hasikilizwi, hakimu hapimi. Mwaka 2015 kwenye kesi ya Mtobesya Mahakama Kuu ikasema hiyo inavunja haki ya kusikilizwa, 13(6)(a), na 2018 Mahakama ya Rufani ikakubali. Cheti kikaanguka. Unaona ni wazo lile lile la Pete, kwamba lazima kuwe na mahali pa mtu kusema na mtu wa kumsikiliza.

Sasa lile gumu nililokuahidi. Mei 2020 Mahakama Kuu, kwenye kesi ya Sanga, ilikwenda mbali zaidi ikasema kifungu cha 148(5) chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, yani mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji fedha, usafirishaji wa binadamu na mengine, kinakwenda kinyume na Katiba. Nakumbuka simu zilivyoita siku ile, watu wenye ndugu mahabusu walidhani kesho yake milango inafunguliwa. Agosti ya mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Ikasema kifungu hicho ndio huo utaratibu uliowekwa na sheria unaotajwa ibara ya 15, makosa yenyewe ni mazito, na ulinzi wa jamii unakihalalisha. Kwa hiyo leo ninapokuandikia, hakimu aliyekwambia kosa la mdogo wako halina dhamana hakuwa na ukatili wala hakuomba kitu. Alikuwa anaifuata sheria iliyothibitishwa na mahakama iliyo juu yake.

Mimi na hukumu hiyo hatukubaliani, na nasema wazi kwa heshima. Sababu yangu ni mdogo wako. Kwenye mpangilio huu, anayeamua kama mtu atalala nyumbani au mahabusu ni yule anayeandika hati ya mashtaka. Angalia tukio lenu: vijana wawili, deni la dagaa, simu, panga la kuni. Tukio hilo hilo mtu mmoja akiliandika wizi, dhamana ipo, mdogo wako angekuwa nyumbani siku ile ile akiwa na wadhamini wawili na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwingine akiliandika unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A, hakuna dhamana na mbele yake iko miaka 30 akitiwa hatiani. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye karatasi, na hakuna jaji wala hakimu aliyeupima huo mstari kabla mtu hajafungiwa. Mahakama ya 1991 ilisumbuliwa na aya inayomzoa asiyelengwa. Mimi naona jambo hilo hilo hapa, limehama tu kutoka kwenye aya likaingia kwenye kalamu ya anayeshtaki. Sitaki mtu aliyemvamia mwenzake usiku kwa bunduki arudi mtaani kesho yake, hapana, nataka hakimu aruhusiwe kumwangalia mtu aliye mbele yake akauliza maswali matatu manne, ana makazi, ana kazi, alishawahi kutoroka, mlalamikaji yuko salama? Akiona hatari amkatalie. Hicho tu.

Sasa tutoke kwenye hoja za maprofesa twende kwenye faili lako, mana kuna mambo ya kufanya wiki hii.

Tafuta nakala ya hati ya mashtaka, karani wa mahakama anayo, omba kwa utaratibu. Soma pale penye maelezo ya kosa. Unyang'anyi wa kutumia silaha unataka vitu viwe pamoja: kuwe na wizi, na kwenye kuiba huko, au kabla kidogo au baada ya kuiba, mtu awe na silaha na atumie nguvu au atishie kutumia nguvu dhidi ya mtu. Panga kuwa mkononi ni jambo moja, panga kunyanyuliwa ni jambo lingine. Kama maelezo hayasemi alimtishia nani na kwa namna gani, wakili ana kitu cha kushika. Na huko kwenye wizi kuna kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu, mtu aliyechukua mali akiamini kwa dhati kwamba ana haki nayo, bila nia ya kudanganya, hawi na kosa la mali. Sikwambii kwamba kinamwokoa mdogo wako, mana kumdai mtu hela hakukufanyi simu yake iwe yako, wakili wa upande wa pili atalisema hilo mara moja, lakini nia yake siku ile ni swali la halali kabisa na maneno "nitakurudishia ukinilipa" kama kuna shahidi aliyeyasikia ni ya thamani. Nenda mwaloni mtafute huyo shahidi sasa hivi, usingoje. Watu wa dagaa wanahama, leo Kibirizi mwezi ujao yuko Kalemie au Kirando.

Alafu ndio ule mlango wa tatu. Ibara ya 59B ya Katiba inamweka Mkurugenzi wa Mashtaka, na inamwambia kwenye kazi yake azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ipo mpaka mikoani na Kigoma ipo. Wakili, au hata wewe mwenyewe kwa lugha ya adabu, anaweza kuiandikia barua kuomba jalada lipitiwe upya, kueleza tukio, deni, panga la kuni, majina ya mashahidi, na kuomba waangalie kama ushahidi uliopo unabeba kosa hilo au kosa dogo zaidi. Mashtaka yanaweza kubadilishwa, yanaweza kuondolewa. Wakibadilisha kuwa wizi, dhamana inafunguka hapo hapo bila kesi yoyote ya Katiba. Nimeona barua za namna hii zikifanya kazi na nimeona zikikaa kimya, ila sijaona ikimdhuru mtu. Iandikwe kwa ukweli mtupu, usiongeze chumvi, mana wao wana maelezo ya mlalamikaji mezani na ukidanganya kidogo watakiona.

Kuna na hili la siku. Kwa makosa mengi yanayosikilizwa mahakama za chini, likiwemo hili, hakimu haruhusiwi kuahirisha kesi kwa jumla ya zaidi ya siku 60 kwa sababu ya "upelelezi haujakamilika" bila cheti, cha kwanza kinatoka kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, na vyeti vyenyewe vina ukomo, haviendi zaidi ya miezi 24. Wewe uko mwezi wa nne. Siku kesi ikitajwa, mdogo wako au wakili wake asimame aulize kwa upole kama cheti kipo kwenye faili. Kama hakipo hakimu anatakiwa aanze kusikiliza au amwachie. Nakuonya mapema, kuachiwa kwa njia hiyo sio kushinda kesi, anaweza kukamatwa tena hata pale nje ya mahakama, nimeshuhudia mama mmoja akishangilia kwenye ngazi na mtoto akiwa anapandishwa gari tena, kwa hiyo waandae wenzako nyumbani kwa hilo.

Muulize pia mdogo wako alikamatwa saa ngapi na maelezo yake ya onyo, yani yale aliyoyatoa polisi, yalichukuliwa saa ngapi. Sheria inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu toka kukamatwa, zinaweza kuongezwa kwa utaratibu maalum, na maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza mahakama inaweza kuyakataa, na Mahakama ya Rufani imeshafanya hivyo zaidi ya mara moja. Aliambiwa ana haki ya kumpigia ndugu au wakili? Aandike yote kwenye karatasi wakati bado anakumbuka, jua lilikuwa wapi, adhana ipi ilikuwa imepita, nani alikuwepo. Huku kwetu watu hawaangalii saa ila adhana ya alasiri kila mtu Ujiji anaijua, na hakimu wa huku anaielewa.

Wakili kama hamna hela, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mahabusu wanaweza kupata msaada na kuna wasaidizi wa kisheria wanaoingia magerezani, uliza ofisi ya mkuu wa gereza au ustawi wa jamii. Na mtu yeyote akikufuata akakwambia toa laki tatu nitakutolea dhamana, mkatalie. Kosa lililo kwenye orodha hiyo hakimu mwenyewe hawezi kulitolea dhamana, sembuse yeye, atakula hela ya mawese yako na wiki ijayo simu haipatikani.

Unaweza kuuliza, kwa nini tusiende na kesi ya Katiba kabisa? Inawezekana kisheria. Unafungua Mahakama Kuu chini ya ibara ya 30(3), wanakaa majaji watatu. Siku hizi Kigoma tuna Mahakama Kuu yetu hapa hapa, wakati naanza kazi ilikuwa lazima tuifuate Tabora kwa treni, unalala kwenye behewa na faili kifuani. Mabadiliko ya 2020 yaliweka sharti kwamba anayefungua aonyeshe yeye binafsi ameathirika vipi, na mdogo wako kwa bahati mbaya anaweza kuonyesha hilo vizuri kuliko profesa yeyote. Lakini lazima awe amemaliza njia nyingine kwanza, na mbele yake imesimama hukumu ya Agosti 2020 ambayo Mahakama Kuu haiwezi kuiruka, mpaka Mahakama ya Rufani yenyewe ikubali kujipitia upya au Bunge libadilishe kifungu. Hiyo ni safari ya miaka. Mimi na wenzangu tutaendelea nayo, tunaandika, tunafundisha, tunasubiri kesi yenye maelezo safi. Sitaki mdogo wako awe ngazi ya hoja yangu wakati kuna barua ya kurasa mbili inayoweza kumrudisha nyumbani.

Kwa hiyo anza na karani jumatatu. Ukipata hati ya mashtaka nitumie picha yake, ziba majina yote na namba ya kesi kabla hujapiga, niachie maelezo ya kosa tu na tarehe. Na uniambie kesi inatajwa tena lini, mana kama bado siku kumi na nne barua tunaiwahi.